Makutano Ipi? Somo Kuhusu Kuunganisha Mifumo na Data

Kabla sijaanza somo lenyewe naomba nikusimulie kisa kidogo kilichonipata.

Likizo moja nilikuwa nikirudi nyumbani kutoka Nairobi. Utingo wa matatu aliponiuliza niendako nilimjibu, "Makutano." Akanitajia nauli. Nauli yenyewe ilikuwa ya chini ajabu, nami nikafurahi ati bei ya petroli imeteremka. Nikaketi nyuma, na usingizi ukanichukua hata kabla hatujafika Thika. Nilizinduliwa na mtu akinigonga bega. "Kijana wa Makutano, shuka, tumefika!" Nikateremka mbio na begi langu, gari likaenda zake. Kuangaza macho huku na huku, lo! Hapakuwa na kibanda chetu cha chapati, hapakuwa na mafundi wa pikipiki ninaowajua. Kumbe nilikuwa Makutano ile ambapo barabara ya Embu inachepuka kutoka barabara ya Nyeri. Kwetu ni Makutano ya Meru, zaidi ya kilomita mia moja mbele, na jua lilikuwa likizama. Ilibidi mama anitumie nauli kwa M-Pesa. Nikapanda gari jingine, tukapita Mwea, Embu, Runyenjes, Chuka na Nkubu, nikabisha hodi nyumbani saa tano za usiku.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Kwani ulimwambia Makutano ipi?"

(Najua mwalimu wangu wa sarufi atatia kalamu nyekundu na kuandika "yapi". Naomba radhi. Kwetu mahali hapa pamekwisha kuwa jina la mji, na mama yangu hakusomea ngeli.)

Tena hizo mbili si zote. Huko West Pokot, karibu na Kapenguria, kuna Makutano nyingine yenye soko kubwa. Barabara zikikutana popote nchini, watu hupaita vivyo hivyo.

Sasa tazama. Mimi na yule utingo hatukudanganyana. Tulitumia neno moja, kila mmoja akiwa na maana yake, na kila mmoja akaridhika kwamba ameelewa. Jambo hilihili ndilo linalozitesa wizara, hospitali, benki na mashirika makubwa yanapojaribu kuunganisha mifumo yao. Wengi hudhani kazi ni ya nyaya na kompyuta. Nyaya ni sehemu rahisi. Kazi ngumu ni kukubaliana kwamba kitu hiki katika daftari langu ndicho kile kilichomo katika daftari lako.

Tufafanue maneno kwanza. Data ni habari zilizowekwa kwa mpangilio ili zitumike: majina, tarehe, hesabu, alama za mtihani. Mfumo ni utaratibu wa kuziweka na kuzitumia, uwe daftari la karani au programu ya kompyuta. Kuunganisha mifumo ni kuifanya ipashane habari bila mtu kunakili upya kwa mkono, na bila maana kupotea njiani. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinachosahauliwa.

Shule yetu yenyewe ni mfano mzuri. Muhula uliopita Chama cha Kiswahili kilitaka kujua ni nani hawajarudisha vitabu vya fasihi. Tukadhani ni kazi ya alasiri moja. Tulichukua orodha ya maktaba, tukachukua ya mhasibu, tukachukua ya mabweni, tukaketi. Lakini wapi! Maktaba iliandika jina na kidato, na kidato kilikuwa cha mwaka ambao kitabu kiliazimwa, kwa hiyo mtu aliyeandikwa "2 Mashariki" sasa yuko kidato cha nne. Mhasibu huandika nambari ya kuandikishwa na majina matatu. Bwenini nahodha aliandika majina ya utani, na mwingine alikuwa "Profesa" tu, basi. Akina Mwenda walikuwa wanne. Mmoja wao alikuwa amekwisha kuambiwa alipe kitabu ambacho hajawahi kukiona kwa macho. Angelipa, bana, kama hatungekaa na zile orodha siku tatu.

Nambari ya kuandikishwa ndiyo iliyotuokoa. Mwanafunzi hupewa siku ya kwanza, haibadiliki akipanda kidato, na hakuna wawili wanaoshiriki moja. Wataalamu huiita kitambulisho cha pekee. Jina si kitambulisho cha pekee, wala kidato, wala bweni, wala nambari ya simu ya mzazi (simu hupotea, kaka huazima laini ya dada). Sasa maktaba inaandika nambari hiyo kwenye kila kadi. Msimamizi alilalamika wiki ya kwanza kwamba tunamwongezea kazi, na ukweli ni kwamba tulimwongezea.

Hapa pana hesabu kidogo, msinikimbie. Tuseme shule ina ofisi sita, na kila moja yataka kupashana habari na kila nyingine moja kwa moja. Utahitaji njia 15. Ofisi zikiwa 10, njia ni 45. Zikiwa 20, njia ni 190. Kanuni yake ni hii: zidisha idadi ya ofisi kwa idadi hiyo ukitoa moja, kisha ugawe kwa mbili. Na kila njia inahitaji mtu wa kuitunza. Ndiyo maana mashirika makubwa hujenga makutano: mahali pamoja ambapo kila mfumo unaleta njia yake. Ofisi 20 zitahitaji njia 20 tu.

Lakini anayekaa Makutano anajua shida ya makutano. Lori moja likikwama katikati, wa Maua hawendi, wa Nanyuki hawaji. Serikali yetu ilianza mfumo wa eCitizen mwaka 2014, na mwaka 2023 ikakusanya humo huduma zaidi ya 5,000, malipo yote yakipitia nambari moja ya 222222. Mwishoni mwa Julai mwaka uo huo mfumo ukashambuliwa mtandaoni, na watu waliotaka pasipoti na waliotaka viza wakakwama siku zilezile.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Katika majina mengi ya Kimeru, hasa ya wazee wa kiume, herufi M hutangulia ikifuatwa na ritifaa. Chukua mfano wa jina M'Inoti. Jina la babu yangu, ambalo ndilo jina langu la tatu, lina umbo hilo. Sisi wa Chama cha Kiswahili tunajua ritifaa si uchafu wa kalamu. Ng'oa si ngoa. Ya kwanza ni kutoa jino, ya pili ni wivu. Lakini kwa mtu anayepiga chapa haraka haraka, ritifaa ni kitu cha kuruka. Kompyuta nayo hulinganisha herufi kwa herufi, haina huruma wala haimjui babu ya mtu. M'Inoti, M Inoti, Minoti na M.Inoti ni watu wanne mbele yake. Hata ile ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili tofauti ndani ya mashine, ingawa kwa jicho letu ni ndugu.

Cheti changu cha kuzaliwa kina ritifaa. Hati ya matokeo yangu ya darasa la nane haina, kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliiruka nilipoandikishwa mtihani. Sikugundua. Ni nani hukagua ritifaa akiwa na miaka kumi na mitatu? Nilipoingia kidato cha kwanza karani alinichungulia juu ya miwani, akasema, "Kijana, hii jina yako iko na shida. Hapa wewe ni mtu mwingine."

Mzaha haukuwa mzaha. Siku hizo mwanafunzi alihesabiwa na serikali kupitia mfumo wa NEMIS, ambao Wizara ya Elimu iliuanza mwaka 2017, na ambao ulimpa kila mwanafunzi nambari ya pekee iitwayo UPI. Nia yake ilikuwa njema: mgao wa elimu ya sekondari ya kutwa uliwekwa kuwa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na wizara ilitaka kulipia wanafunzi walio hai, si majina ya hewa. Lakini mtu ambaye hati zake hazilingani hukaa katikati. Si hewa, na bado hahesabiwi. Basari niliyokuwa nimeahidiwa nayo ikasimama, maana hundi iliandikwa jina la "mtu mwingine".

Mama huuza ndizi katika soko la Gakoromone. Siku asiyofungua hauzi, na ndizi hazingoji. Alifunga siku tatu. Ofisi ya kwanza ilimwambia aende ya pili, kwa sababu wao hawana ruhusa ya kubadilisha kilichotoka kwa wenzao. Ofisi ya pili ilimwambia wao wameandika walicholetewa. Ya tatu ikamwambia alete hati ya kiapo kutoka kwa wakili. Wote walikuwa na adabu, wote walimwita "mama," na kila mmoja alisema kweli kwa upande wake. Ila hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kusema, "Kosa hili ni langu kulirekebisha." Mama alirudi jioni ya siku ya tatu, akavua viatu, akasema, "Hawa watu hawaongei wenyewe kwa wenyewe. Mimi ndiye waya yao."

Sijasikia maelezo bora ya mifumo isiyounganishwa, na nimesoma kadhaa. Mwananchi ndiye waya. Yeye ndiye hubeba karatasi kutoka dirisha hili hadi lile, kwa nauli yake.

Basi, je, iko kazi ya namna hii ambayo ilifanywa ikafaulu? Iko, tena nchini mwetu, katika wizara ya afya.

Zamani zahanati ilijaza fomu za karatasi kila mwezi: watoto waliochanjwa, waliougua malaria, akina mama waliojifungua. Mpango wa malaria ulikuwa na fomu zake, wa kifua kikuu zake, wa UKIMWI zake. Muuguzi mmoja wa zahanati ya kijijini angeweza kuandika idadi ya watoto walewale mara tatu. Karatasi zilikwenda makao ya wilaya, zikajumlishwa, zikapelekwa juu, na Nairobi wakapata jumla bila kujua zahanati ipi ilikaa kimya. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia programu iitwayo DHIS2. Ilijaribiwa kwanza Mkoa wa Pwani, na kufikia Septemba mwaka huo ilikuwa imeenea nchi nzima kupitia intaneti, data zote zikiwa mahali pamoja. Nchi yetu ilitangulia wengi barani kwa hilo.

Programu yenyewe hutengenezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini. Ubaguzi wa rangi ulikuwa umezikata huduma za afya vipande vipande kwa rangi na kwa vile vijinchi vya Waafrika, kila kipande na fomu zake. Baada ya uchaguzi wa 1994 vipande hivyo vilitakiwa kuwa huduma moja yenye mikoa tisa. Kila idara ilipoleta orodha ya data isiyoweza kuishi bila yake, orodha zilijaa meza. Njia iliyofaa ilikuwa kukubaliana kwanza juu ya data chache ambazo kila kituo lazima kikusanye kwa maana ileile. Anayetaka zaidi na aongeze chini yake, bila kugusa zile za pamoja. Naona busara kubwa hapo. Hawakujaribu kulazimisha kila mtu aandike kila kitu sawa.

Kenya ilihitaji kitu kingine zaidi: orodha kuu ya vituo vya afya, ambapo kila hospitali, kituo na zahanati ina msimbo wake. Umeshaona kwa nini. Fikiria zahanati mbili zinazoitwa Makutano, moja huku kwetu na nyingine West Pokot. Chanjo zikiagizwa kwa jina zitashuka garini kama nilivyoshuka mimi. Zikiagizwa kwa msimbo, zitafika. Na msimbo ulisaidia tena mwaka 2013 kaunti 47 zilipoanza kazi. Meru na Embu, zilizokuwa pamoja katika Mkoa wa Mashariki, zikawa kila moja na serikali yake ya kusimamia afya. Ramani ya utawala ilibadilika, zahanati ikabaki na nambari yake.

Hata nambari zikilingana, maana yaweza kukimbia. Wanaopenda sayansi wanakumbuka chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter, kilichopotea Septemba 1999 kilipofika kwenye sayari ya Mirihi. Programu ya kampuni iliyokitengeneza ilitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na wale wa NASA waliozipokea wakadhani ni nyutoni. Mifumo ilikuwa imeunganishwa barabara, na tarakimu zilifika salama salimini. Chombo kikashuka chini mno, kikaangamia. Kila nikipoteza alama katika fizikia kwa kusahau kuandika kizio huwa najiliwaza kwamba niko na wenzangu wakubwa.

Pengine utaniuliza: kwa nini basi tusiweke kila kitu cha kila mtu katika kapu moja, tumalize maneno? Wazo hilo lilikuja, nalo ni Huduma Namba. Kati ya Aprili na Mei 2019 watu zaidi ya milioni 35 waliandikishwa. Wengine wakaenda Mahakama Kuu, miongoni mwao shirika la kutetea haki za Wanubi, ambao kwa miaka mingi wamepata taabu kupata vitambulisho. Hofu yao ilikuwa hii: ukiunganisha kila huduma na nambari moja, yule asiye na hati za kuipata nambari hiyo umemfungia milango yote kwa kufuli moja. Tarehe 30 Januari 2020 mahakama iliamua kwamba serikali isingeweza kuendelea bila sheria na kanuni za kutosha, na kwamba kukusanya data za DNA na za mahali mtu anapoishi kwa setilaiti ni kinyume cha Katiba. Sheria ya Kulinda Data ilikuwa imepita mwezi Novemba 2019. Oktoba 2021 mahakama ikasema tena kwamba kadi zilitolewa bila kwanza kupima athari zake kwa data za watu. Mwaka 2023 ukaja mpango mwingine, Maisha Namba, wa nambari moja tangu mtu azaliwapo.

Mimi siko upande wa wanaopinga kuunganisha. Ningewezaje, na mama alikuwa waya? Lakini kapu moja si njia ya pekee. Nchi ndogo ya Estonia ilianza mwaka 2001 utaratibu uitwao X-Road. Kila ofisi inabaki na daftari lake. Ikihitaji habari huiuliza ofisi yenye daftari kupitia njia iliyolindwa, inapata jibu la swali hilo tu, na swali linarekodiwa. Mwananchi anaweza kuona ni nani alichungulia habari zake. Hilo la mwisho ndilo lililonipendeza zaidi. Sisi huonwa, hatuoni.

Jina langu lilirekebishwa baada ya miezi saba. Ile hati ya kiapo mama ameifunga kwenye karatasi ya nailoni na kuiweka ndani ya Biblia, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa. Hairuhusiwi kutoka pale bila idhini yake.

Muhula huu orodha ya watahiniwa wa KCSE ilibandikwa ubaoni, kila mtu athibitishe jina lake kisha atie sahihi. Nikatafuta langu. Mahali pa ritifaa pameandikwa alama ya kuuliza. Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini, wakaanza kuniita "Swali". Nilikwenda ofisini. Karani, yuleyule wa miwani, akasema kwenye kompyuta jina liko sawa, ni mashine ya kuchapa tu ndiyo haisomi hiyo alama. "Niamini, kijana."

Nikamwomba, kwa heshima, ageuze kioo nikione. Akaguna, akakigeuza. Nikasoma herufi kwa herufi kwa kidole, nikaiona ritifaa imekaa mahali pake baada ya M. Ndipo nikatia sahihi.